Kutoka folda iliyojaa hadi linki moja: mwongozo kamili wa kujenga tovuti ya kazi zako za grafiki

Mteja anakuandikia WhatsApp: "Habari kaka, naomba nione kazi zako." Unaingia kwenye picha za simu, unaokota ishirini na kitu, unatuma. Humo mna nembo, kadi ya harusi ya binamu, bango la mkutano wa injili, fulana za mahafali na, kwa kuteleza kidole, picha ya tokeni ya LUKU. WhatsApp nayo imezibana picha mpaka maandishi madogo hayasomeki. Mteja anajibu, "Asante, nitakucheki." Hakucheki.

Dawa ya hali hiyo ni tovuti yako mwenyewe, na sehemu kubwa ya dawa iko kwenye kazi unayoifanya kabla ya kufungua programu yoyote: kuchagua na kueleza. Madizaina wengi huanzia upande wa pili. Jumamosi wananunua kiolezo kizuri cha tovuti, yaani muundo uliokwisha kutengenezwa, wanabadili rangi hadi usiku wa manane, Jumapili wanagundua hawana cha kuweka ndani. Mwaka unakatika tovuti ikiendelea kutangaza "Tunakuja hivi karibuni". Kwa hiyo hapa tutakwenda kwa mpangilio huu: kazi, maneno, picha, na mwisho tovuti yenyewe. Tenga wikiendi mbili.

Hatua ya 1: Chagua kazi, na ziwe chache

Kazi 6 hadi 10 zinatosha. Fungua folda zako zote, weka pembeni kila unachodhani kinafaa, kisha anza kupunguza kwa swali moja: mtu akiniletea kazi kama hii kesho, nitaipokea kwa moyo? Tovuti huvuta kile inachokionyesha. Ukijaza kadi za michango ya harusi, utaletewa kadi za michango. Si aibu, kadi hizo zimelipa kodi za nyumba za wengi wetu. Ila kama unataka kuhamia kwenye nembo na vifungashio, kadi 15 za michango zitamwambia mwenye kiwanda cha unga kwamba amekosea mlango.

Kazi dhaifu haijifichi katikati ya nzuri. Mteja akiiona anajiuliza yake itafanana na ipi. Itoe, hata kama iliwahi kukulipa vizuri.

Na kama bado huna wateja? Jitungie kazi, useme wazi kuwa ni zoezi. Chagua zoezi lenye masharti magumu, maana masharti ndiyo yanayoonyesha akili ya dizaina. Kanga ni mfano mzuri. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina lake ndani ya kisanduku upande wa chini. Ukubwa wa kipande ni takribani sentimita 150 kwa 110, na doti ni vipande viwili vinavyopaswa kusomeka hata vikiwa mwilini, kimoja kiunoni na kingine kichwani au mabegani. Sanifu kanga moja ndani ya masharti hayo, eleza kwa nini jina liko pale na kwa nini umetumia rangi tatu, na utakuwa umeonyesha zaidi ya mtu aliyechora nembo kumi za kampuni zisizokuwepo. Zoezi jingine ninalolipenda: chora upya ramani ya vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwa ajili ya mtu anayefika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Onyesha na rasimu uliyoitupa.

Usijitungie mteja. Ukiandika kwamba umefanyia kazi kampuni fulani kubwa kumbe ulijifurahisha tu na nembo yao, siku moja mtu wa kampuni hiyo ataiona.

Mambo mawili ya kumalizia hapa. Kazi iliyofanywa na timu, taja sehemu yako: "Nilisanifu lebo, picha zilipigwa na mpigapicha wa mteja." Na kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au ambayo mteja hajaizindua, iombee ruhusa kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi uutunze.

Hatua ya 2: Andika maelezo kwanza

Fungua daftari au faili tupu la maandishi. Kwa kila kazi andika maneno 80 hadi 150 yanayojibu mambo manne: mteja ni nani, alikuwa na shida gani, uliamua nini na kwa sababu gani, na kazi imeishia wapi. Hili ndilo linalorukwa na karibu kila mtu, na ndilo linalokutofautisha na mwenye picha nzuri tu.

Tuseme ulimfanyia lebo muuza asali wa Tabora. Wengi wangeandika: "Lebo ya asali. Muonekano wa kisasa na wa kuvutia." Hapo mteja hajaambiwa kitu. Linganisha na hii:

"Asali hii inauzwa kwenye chupa za nusu lita, rafu moja na chapa nyingine tano, zote zikiwa na nyuki na sega la njano. Tuliamua kumwondoa nyuki. Lebo ni wino mweusi tu juu ya karatasi angavu, ili rangi ya asali yenyewe ndiyo ionekane. Mteja anachapa lebo chache chache kila msimu, hivyo rangi moja ilimpunguzia gharama. Jina tulilikuza lisomeke kutoka upande wa pili wa kaunta."

Hakuna neno la kujisifu hapo, lakini msomaji ameshajua kuwa huyu dizaina aliiangalia rafu, aliufikiria mfuko wa mteja na alijua mambo ya uchapaji.

Lugha gani? Waangalie wanaokulipa. Kama ni wenye maduka, saluni, shule na wajasiriamali wa vyakula, andika Kiswahili. Kama unalenga mashirika ya kimataifa au wateja wa Dubai na Muscat, utahitaji pia Kiingereza, na hapo mlipe mtu akusomee kuliko kuibandikia tafsiri ya mashine. Kuchanganya lugha mbili ndani ya aya moja kunachosha, hata kama ndivyo tunavyoongea.

Hatua ya 3: Andaa picha

Hapa ndipo tovuti nyingi za wasanifu zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza rangi. Faili ulilolipeleka kwa mchapaji liko kwenye CMYK, yaani wino. Kioo cha simu kinatumia RGB, yaani mwanga. Ukipandisha faili la CMYK mtandaoni, rangi zinaweza kuonekana za ajabu, kijani kikawaka au nyekundu ikafifia. Tengeneza nakala, ibadilishe kuwa sRGB (aina ya RGB inayotumika mtandaoni), iangalie kwa macho, irekebishe, ndipo uitoe. Faili la uchapaji usiliguse.

Pili, uzito. Piga hesabu: kazi 8, kila moja picha 5, kila picha megabaiti 4 kama ilivyotoka kwenye kamera. Hizo ni megabaiti 160. Hakuna mteja atakayekuchomea bando la namna hiyo. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1600 hadi 2000 na uzito usiozidi kilobaiti 250, na tovuti nzima inashuka hadi megabaiti 10. Ukurasa mmoja usizidi megabaiti 2. Chombo kizuri cha kazi hii ni Squoosh: ni cha bure, kinafanya kazi ndani ya kivinjari na picha zako hazitumwi popote. Kinakuwekea picha ya asili na iliyobanwa ubavu kwa ubavu, unavuta mpaka uone ubora unaanza kuharibika, unarudi nyuma kidogo.

Aina ya faili nayo ina maana. Picha ya kamera ifanye WebP, au JPEG ukipenda ya zamani. Nembo na michoro ya mistari ifanye SVG, kwa sababu inakuzwa bila kuvunjika na mara nyingi haizidi kilobaiti chache. Kabla ya kuhifadhi SVG, geuza maandishi kuwa michoro, la sivyo fonti uliyoitafuta siku tatu itageuka kuwa fonti ya kawaida kwenye simu ya mteja. PNG ibaki kwa vitu vyenye mandhari ya uwazi.

Tatu, mokapu, yaani picha ya kuigiza unayobandika kazi yako ndani yake ionekane kama imeshachapwa. Ile kadi ya biashara iliyolala juu ya zege la kijivu na kivuli cha majani ya mnazi, tumeshaiona sote. Imepakuliwa na nusu ya dunia. Tumia mokapu moja moja, pale ambapo kitu halisi hakipo. Kitu kikishachapwa, kipige picha. Nenda dukani ukapige bango likiwa juu ya mlango, mfuko ukiwa mkononi mwa mtu, lebo ikiwa rafuni na vumbi lake. Simu yako inatosha. Epuka jua la saa sita; piga saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, au ndani karibu na dirisha, na upande wa kivuli simamisha manila nyeupe irudishe mwanga. Futa kioo cha kamera kwa fulana, wengi tunasahau.

Kuna jambo nimeliona mara nyingi mno: kadi ya mchango inawekwa mtandaoni ikiwa na majina ya maharusi, namba ya simu ya mweka hazina na namba ya kutumiwa pesa. Hizo ni taarifa za watu. Badilisha majina na namba kabla ya kuonyesha kazi yoyote ya namna hiyo, kadi za misiba na vitambulisho vikiwemo.

Mwisho, majina ya faili. "lebo-asali-tabora.webp" inasaidia injini za utafutaji kujua kilichomo, "FINAL_final2_MPYA_kabisa.jpg" haimsaidii yeyote, wewe ukiwemo. Na kwa kila picha andika sentensi moja ya maelezo mbadala, ili asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kioo, ajue kuna nini.

Hatua ya 4: Chagua pa kujengea

Behance, mtandao wa kuonyesha kazi za usanifu, ni ya bure na inafaa kwa kuonwa na madizaina wenzako, lakini ni nyumba ya kupanga: kazi yako inazungukwa na kazi za watu wengine, na mteja akibofya kidogo tu ameshahamia kwa jirani. Itumie kama tawi. Instagram vilevile.

Kama unalipia Creative Cloud, kifurushi cha programu za Adobe kama Photoshop, angalia mpango wako. Mingi inakuja na Adobe Portfolio, huduma yao ya kujenga tovuti ya kazi zako, bila malipo ya ziada, na wengi wamelipa miaka bila kujua. Inaunganishwa na jina lako la kikoa (anwani ya tovuti yako), na kwa mtu asiyetaka usumbufu inatosha kabisa.

Wix, Squarespace na Framer zinakupa kila kitu mahali pamoja, kwa malipo ya kadi na kwa dola. Usiangalie bei ya mwezi. Zidisha kwa 12, ubadilishe kuwa shilingi, ndipo uamue kama utaweza kulipa na mwakani kazi zikipungua.

WordPress unayoisimika mwenyewe ni programu ya bure ya kujengea tovuti. Unachokilipia ni hostingi, yaani mahali tovuti inapokaa mtandaoni, na jina la kikoa, na kampuni za hostingi za hapa nyumbani zinapokea malipo ya simu. Ugumu wake ni matunzo: lazima uisasishe mara kwa mara, na usiweke viendelezi (programu ndogo za nyongeza) ishirini. Kiolezo cha kulipia kilichovunjwa ulinzi wake ili kitumike bure, kile unachopewa na rafiki kwenye flashi, usikiguse. Mara nyingi kina msimbo uliofichwa, na utakuja kuambiwa na mteja kwamba tovuti yako inatangaza kamari.

Anayejua HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za tovuti, anaweza kuweka kurasa zake GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi kurasa mtandaoni, bure, zikafunguka haraka kuliko zote nilizotaja. Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua ile unayoweza kuimaliza wikiendi hii. Kuhama baadaye si kazi kubwa, kwa sababu maneno na picha umeshaviandaa.

Hatua ya 5: Jina la kikoa

Jina la .co.tz au .co.ke linamwambia mteja uko wapi; .com inakubalika kila mahali. Lijaribu hivi: mpigie mtu simu akiwa kwenye daladala, mtajie jina mara moja, aliandike. Akikosea, tafuta jingine. Vistari na namba huleta shida hiyo, na maneno ya Kiingereza yaliyopotoshwa tahajia ili yapendeze huileta zaidi.

Lisajili kwa jina lako na barua pepe yako. Namfahamu dizaina aliyemwachia fundi wa tovuti amsajilie kila kitu. Fundi akaandikisha kwa jina lake mwenyewe, wakakosana juu ya deni dogo, na jina alilolitangaza miaka minne likaondoka na fundi. Weka pia kikumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya siku ya kulipia tena.

Hakikisha anwani inaanza na https. Vyeti vya usalama vya Let's Encrypt ni vya bure. Hostingi inayotaka kukutoza zaidi kwa cheti cha kawaida, iulize kwa nini.

Hatua ya 6: Panga kurasa

Unahitaji kurasa chache: mwanzo, ukurasa wa kila kazi, kuhusu wewe, na mawasiliano.

Mstari wa kwanza kabisa useme unafanya nini, kwa nani, na uko wapi. "Nasanifu lebo na vifungashio kwa wazalishaji wadogo wa vyakula. Niko Mwanza." Usianze na "Karibu kwenye tovuti yangu", nafasi hiyo ni ya dhahabu. Chini yake zije kazi moja kwa moja. Picha zinazojisogeza zenyewe ziache. Mtu akianza kuitazama ya kwanza inamkimbia.

Kuhusu wewe: aya mbili na picha moja ya uso wako. Ile mistari inayosema "Photoshop asilimia 85" ifute. Asilimia 85 ya Photoshop ni ipi, na hizo 15 zilizobaki ziko wapi?

Bei inazua ubishi kati yetu. Mimi naweka "kuanzia" kwa kila aina ya kazi, pamoja na maelezo ya malipo ya awali na idadi ya masahihisho. Inawapunguza wanaotaka nembo kwa bei ya soda, na wanaobaki wanaongea kazi.

Kwenye mawasiliano weka kitufe cha WhatsApp. Linki yake ni wa.me ikifuatiwa na namba yako kwa mtindo wa kimataifa, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: wa.me/255XXXXXXXXX. Ukiongeza ?text=Habari mwishoni, mteja anakuta salamu imeshaandikwa. Weka na barua pepe, maana ofisi nyingi bado zinahitaji kutuma maombi rasmi.

Neno moja kuhusu herufi, ambalo violezo vya kigeni havikuambii. Kiswahili kina maneno marefu. Kichwa cha habari kilichopangwa kwa Kiingereza kinapendeza, ila ukiweka "wafanyabiashara" au "tunavyoshirikiana" kwa herufi kubwa kwenye simu nyembamba, neno linatoka nje ya kioo. Punguza ukubwa wa vichwa kwa upande wa simu. Aya usizinyooshe pande zote mbili, maneno marefu yanaacha mapengo kama meno yaliyong'oka. Maandishi ya kawaida yasipungue pikseli 16, na kijivu chepesi juu ya nyeupe kiache: kiwango kinachokubalika cha utofauti ni 4.5 kwa 1. Mwisho, kwenye mipangilio weka lugha ya ukurasa kuwa Kiswahili, msimbo wake ni sw, ili kivinjari kisikiseme kwa lafudhi ya Kiingereza.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kutangaza

Zima Wi-Fi. Chukua simu ya Android ya bei nafuu, ya mdogo wako au ya dada wa dukani, washa data, fungua tovuti. Kisha mpe mtu asiyehusika na fani yetu, umwambie: "Shangazi, tafuta kazi ya asali, halafu nitumie ujumbe kutoka humo humo." Kaa kimya. Usimwelekeze. Kila anapokwama pameharibika, hata kama wewe hupaoni. PageSpeed Insights ya Google itakupa na upande wa takwimu, ila shangazi ndiye mkali zaidi.

Andaa picha ya pikseli 1200 kwa 630 na uiweke kama picha ya kushiriki, ile inayotokea linki ikitumwa, maana tovuti zetu zinasambaa kwenye WhatsApp. Jitumie linki uone inavyotokea. Ukibadilisha picha na WhatsApp ikaendelea kuonyesha ya zamani, ongeza ?v=2 mwishoni mwa linki.

Isajili tovuti kwenye Google Search Console ili Google ijue ipo. Usitegemee kuonekana siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo

Tangaza hata kama kazi ni tano tu. Kila miezi mitatu, ongeza moja na uondoe moja. Hifadhi nakala ya tovuti nzima nje ya hostingi. Tengeneza pia PDF ya kurasa 8 hadi 10, isiyozidi megabaiti 5, kwa ajili ya zabuni zinazotaka kiambatisho.

Na yule wa WhatsApp akirudi na "Naomba nione kazi zako", usimtumie ukurasa wa mwanzo. Muulize kwanza anauza nini. Akisema viungo vya pilau, mtumie linki ya ile kazi ya asali peke yake, na chini yake andika: "Hii inafanana na yako. Chupa zako ni za ukubwa gani?"